Maharamia au Wakulima? Neno Moja la Kiyunani katika Historia ya Pwani

Katika taaluma ya maandishi ya kale ya Wayunani na Warumi, ipo kazi isiyo na sifa kubwa mbele ya watu: kuchunguza hati zilizonakiliwa kwa mkono na kuamua ni wapi mnakili alikosea. Kazi hiyo yaweza kudhaniwa kuwa haiwahusu watu wa Afrika Mashariki. Kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythra chaonyesha vingine.

Kitabu hicho ni mwongozo wa biashara ya baharini, kilichoandikwa kwa Kiyunani katikati ya karne ya 1 B.K. na mtu wa Misri asiyejulikana jina. Hati yake ya msingi ni moja tu, ya karne ya 10, iliyohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Nakala iliyoko London ilitokana na hiyo. Kwa hiyo, pale mnakili alipoteleza, hakuna shahidi wa pili wa kumsahihisha.

Sura ya 16 yaeleza Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, lililoitwa hivyo kutokana na mashua zake za kushonwa, kama ilivyokuwa mitepe ya Waswahili katika zama za baadaye. Wenyeji wasemwa kuwa na miili mikubwa mno. Kisha hati yaweka neno horatoi, yaani "wanaoonekana". Watu wanaoonekana! Ni dhahiri kuwa neno limeharibika.

Wako waliolisahihisha kuwa peiratai, "maharamia". Tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Schoff, iliyotoka mwaka 1912, yawaeleza wenyeji kuwa watu wenye tabia za uharamia, nayo ilisomwa sana na walioandika historia ya pwani. Lionel Casson, katika toleo lake la mwaka 1989, awaita wakulima.

Masahihisho haya hayana uzito sawa. Ili kupata peiratai, hapana budi kuongeza herufi mwanzoni mwa neno. Ili kupata arotai, "walimaji", konsonanti zote hubaki mahali pake. Ni o na a tu zinazobadilishana nafasi, kosa ambalo mnakili aliyechoka aweza kulifanya bila kujijua. Aidha, mwandishi alikuwa na desturi ya kuwaonya wafanyabiashara palipokuwa na hatari: awataja maharamia katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, na wanyang'anyi wa mabaharia katika pwani ya Arabuni. Kuhusu Azania hatoi onyo lolote. Aorodhesha mikuki, mashoka na vioo vilivyoletwa, pamoja na pembe za ndovu na za vifaru zilizotoka, na kusema kuwa divai na nafaka zilipelekwa mahali kadhaa ili kupata urafiki wa wenyeji.

Hata hivyo, arotai nalo lina tatizo lake. Kwa asili ni mtu anayelima kwa plau, ilhali kilimo cha pwani hii kilikuwa cha jembe la mkono. Huenda Myunani alitumia tu neno alilokuwa nalo.

Sura hiyohiyo yasema kuwa manahodha Waarabu waliotumwa kutoka Muza walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Ilikuwa lugha gani, hati haisemi, wala haikunukuu neno lake hata moja.