"Jino la plastiki" ni chonge ambayo haijaota

Osha mikono, kisha mpitishie mtoto wa miezi sita kidole juu ya ufizi wa chini, kutoka katikati kuelekea shavuni. Hutafika mbali kabla hujagusa sehemu iliyotuna kuliko nyingine, na upande wa pili utakuta iko vilevile. Ukimtazama kwenye mwanga utaona ufizi wa hapo umepauka kidogo. Ndani yake kuna chonge. Haitoki leo wala kesho, maana chonge za utoto huota mtoto akiwa na miezi 16 hadi 20 hivi, ila jino lenyewe hujengwa mapema ndani ya taya, na kwa umri huo bado linaendelea kujengwa. Kila mtoto anazo nne, mbili juu na mbili chini.

Hizo ndizo zinazoitwa meno ya plastiki katika sehemu nyingi za Tanzania; wengine husema meno ya nailoni, na Uganda huitwa ebiino. Inaaminika kwamba mtoto anayeharisha na kuchemka homa, dawa za hospitali zikaonekana kugonga mwamba, ana meno mabaya yaliyojificha, na yasipotolewa yatamuua. Si jambo la jana. Mwaka 1969 bingwa wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika kuhusu watoto wa Uganda waliochimbwa chonge, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa meno wa Tanzania walikuwa wakiandika habari hizohizo.

Kinachotumika ni spoku ya baiskeli iliyonolewa, wembe, kisu kidogo, mara nyingine ukucha. Ganzi hakuna. Ufizi unachanwa, kilichomo kinachokolewa, kisha mama anaonyeshwa: kitu kidogo, cheupe, chenye utelezi, ukikibonyeza kinabonyea. Wengi huamini hapo hapo, maana nani aliwahi kuona jino laini? Baadhi huambiwa ni funza. Lakini jino lolote huanza laini. Enameli, ambayo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu, hupokea madini yake kidogokidogo kwa miezi mingi, na ukilitoa jino kabla kazi hiyo haijakwisha unapata jino bichi. Mchimbe mtoto mwingine yeyote wa umri huo, mzima kabisa, anayecheka, utatoa kitu kilekile.

Sisi wa kada ya afya tukifika hapa huwa tunasema "ni imani potofu" na kufunga mjadala. Tunakwepa swali lenye uzito: kwa nini akina mama wenye akili zao timamu wanasema mtoto alipona baada ya kung'olewa? Wanasema hivyo kwa sababu wengi walipona kweli. Kuharisha kwa watoto mara nyingi huletwa na virusi, na huisha kwenyewe ndani ya siku chache au wiki moja hivi, mradi mtoto asiishiwe maji mwilini. Kwa mganga hakwendwi siku ya kwanza. Kunakwendwa baada ya zahanati, baada ya duka la dawa, baada ya ushauri wa majirani, yaani wakati ugonjwa wenyewe unakaribia kuaga. Siku inayofuata choo kinaanza kushika, na sifa zote zinamwendea mwenye spoku. Yule ambaye hakupona husemwa kwamba alicheleweshwa.

Na zahanati ina sehemu yake ya lawama. Mama anapewa pakiti za ORS na kuambiwa "kampe". Haelezwi kwamba ORS haikusudiwi kusimamisha kuharisha. Inarudisha maji na chumvi zinazopotea, basi. Haelezwi kwamba mtoto anaweza kuendelea kuharisha siku tatu nne zaidi na bado matibabu yakawa yanakwenda vizuri. Akifika nyumbani anaona nepi zinachafuka kama jana, anahitimisha kuwa dawa imeshindwa, na mahitimisho yake ni ya haki kabisa kwa maelezo aliyopewa. Dakika mbili za kumweleza nini kitatokea kesho na keshokutwa zingewaokoa watoto wengi kuliko bango lolote ukutani.

Umri nao unapotosha. Karibu na miezi sita kinga ambayo mtoto alitoka nayo tumboni inakuwa imepungua. Ndipo anapoanza uji, na uji unakuja na bakuli, kijiko na maji ambavyo maziwa ya mama hayakuvihitaji. Anaanza kutambaa, na kila anachookota kinaishia mdomoni. Malaria nayo haimsubiri akue. Ukifungua kinywa chochote katika kipindi hiki cha maradhi utakuta ufizi umetuna, kwa hiyo mtuhumiwa hakosekani. Kuota meno kwenyewe huleta udenda, kung'atang'ata vitu, kulialia usiku, pengine joto kupanda kidogo. Homa ya nyuzi 38 kwenda juu, au kuharisha, isihesabiwe kuwa ni meno, hata anayesema hivyo akiwa amevaa koti jeupe.

Mtoto wa kilo saba ana damu ya nusu lita na kidogo mwili mzima. Kidonda ambacho mtu mzima angesukutua na kusahau kinaweza kummaliza, hasa kama maji yamekwisha mwilini au malaria imekwishampunguzia damu. Kifaa kilichopita midomoni mwa watoto kadhaa kinaweza kuacha usaha, maambukizi kwenye damu, pepopunda, homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Na wakati kidonda kinauguzwa, nimonia au malaria iliyoleta homa inaendelea na kazi yake bila kutibiwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mila za kumdhuru mtoto, na ni vizuri ipo. Ila kwa maoni yangu mama anayetishwa na polisi hukaa nyumbani na mtoto anayetokwa damu. Afadhali aje.

Mtoto akiharisha, koroga pakiti ya ORS kwenye maji safi kwa kiasi kilichoandikwa, mpe kijiko kwa kijiko kila baada ya choo, na usimwachishe ziwa. Vidonge vya zinki vitolewe siku zote 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha siku ya tatu. Akiwa na homa apimwe malaria. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea, mwenye utosi uliobonyea au damu kwenye choo, huyo anakwenda kituoni saa hiyohiyo, hata usiku. Na jino la kwanza likitokeza, mara nyingi la mbele chini, lipigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye fluoridi, kiasi cha punje ya mchele.

Wapo waliokwisha kung'olewa, na wazazi wao hufika kwetu miaka mingi baadaye wakilalamikia meno yaliyopangana vibaya. Mbegu ya chonge ya ukubwani hulala jirani kabisa na ile ya utoto na huanza kupokea madini mtoto akiwa na miezi minne au mitano tu. Spoku haichagui. Chonge hiyo yaweza kuota na umbo baya, kuota pasipo pake, au isiote kamwe, na jino la jirani yake likaumia pia. Mtoto wa namna hii aletwe akiwa na miaka 8 au 9, kabla chonge za chini hazijaanza kutoka, apigwe picha ya eksirei tuone nini kilichobaki ndani ya taya. Mzazi asifiche kilichotokea. Tukijua, tunasoma picha vizuri, na kama nafasi inahitaji kutunzwa tunaanza mapema. Tusipojua, tunaweza kungoja kwa miaka miwili jino ambalo halipo.