Je, Wajua? Nguza Karl-i-Bond: Kutoka Hukumu ya Kifo hadi Uwaziri Mkuu

Mtaje Nguza Karl-i-Bond mbele ya wazee wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, na mazungumzo hayatakwisha upesi. Yuko atakayemwita mwanadiplomasia hodari kuliko wote waliotoka Katanga, na yuko atakayekumbuka stesheni ya gari-moshi mwaka 1992. Wote wana sababu zao. Haya ni machache ambayo huenda hukuyajua kuhusu mtu huyu.

Je, wajua kwamba alikuwa mpwa wa Tshombe?
Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1938 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Moïse Tshombe, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, alikuwa wa ukoo huohuo. Katanga ilirudishwa ndani ya Kongo Januari 1963, na mwaka uliofuata Tshombe mwenyewe akaitwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuwa waziri mkuu wa nchi nzima. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 kijana Nguza akaanza kazi ya ubalozi ughaibuni. Mwaka 1969 Tshombe alifariki akiwa kizuizini Algeria, lakini mpwa wake aliendelea kupanda cheo chini ya Rais Mobutu.

Je, wajua kwamba alikuwa waziri wa mambo ya nje mara nne?
Alishika wizara hiyo 1972 hadi 1974, akarudi 1976, akarudi tena 1979, na mara ya nne 1988. Katika kipindi chake cha kwanza, Oktoba 1973, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilivunja uhusiano na Israeli, hatua iliyomjengea Mobutu jina kubwa miongoni mwa Waafrika na Waarabu. Siku hizo majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku kwa jina la uhalisi wa Kizaire, na Jean Nguza akajulikana ulimwenguni kama Nguza Karl-i-Bond.

Je, wajua kwamba alihukumiwa kifo akiwa ametoka tu katika kiti cha uwaziri?
Machi 1977 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga ya Tshombe waliokuwa wamekimbilia Angola, walivuka mpaka na kuingia Shaba, jina la Katanga la wakati huo. Mobutu aliokolewa na askari wa Morocco walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Vita vilipokwisha akaanza kutafutwa msaliti, na Agosti mwaka huohuo Nguza akakamatwa. Alishtakiwa kwamba alijua mapema habari za uvamizi ule akanyamaza. Wapiganaji wengi walikuwa Walunda kama yeye, kwa hiyo kumshuku kulikuwa rahisi. Tena nchi za nje zilikuwa zimeanza kumtaja kama mtu anayeweza kumrithi Mobutu, na katika Zaire ile kutajwa hivyo kulitosha kuwa kosa.

Septemba 1977 mahakama ilimhukumu kifo. Mobutu akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 1978 akamtoa gerezani. Mwaka 1979 Nguza alikuwa waziri wa mambo ya nje tena, na Agosti 1980 akawa kamishna wa kwanza wa taifa, yaani waziri mkuu. Nchi ilikuwa imezama katika madeni, nayo ilihitaji mtu wa kuaminika mbele ya wakopeshaji wa Ulaya na Marekani. Huyu walimjua na kumsikiliza.

Je, wajua kwamba alimshtaki Mobutu mbele ya wabunge wa Marekani?
Aprili 1981, akiwa waziri mkuu bado, alikwenda Ubelgiji na hakurudi. Akatangaza kujiuzulu akiwa hukohuko. Septemba mwaka huo alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaeleza jinsi mamilioni ya dola ya taifa yalivyoingia mfukoni mwa mtu mmoja. Mwaka 1982 akachapisha London kitabu cha Kifaransa, *Mobutu ou l'incarnation du mal zaïrois*, kinachomchora bosi wake kama ubaya wenyewe uliovaa mwili wa mtu. Ndani yake alieleza pia mateso aliyoyapata kizuizini.

Mwaka 1985 alirudi nyumbani. Mwaka 1986 Mobutu akamtuma Washington awe balozi wake, akamtetee mbele ya Wamarekani walewale waliomsikia akimshtaki.

Je, wajua kwamba aliongoza upinzani na serikali ndani ya mwaka mmoja?
Mobutu aliporuhusu vyama vingi mwaka 1990, Nguza alianzisha UFERI, chama cha watetezi wa mfumo wa shirikisho chenye ngome yake Katanga. Mwaka 1991 akaungana na Étienne Tshisekedi katika Muungano Mtakatifu wa upinzani. Novemba mwaka huohuo akakubali uwaziri mkuu kutoka mkononi mwa Mobutu, na wenzake wakamfukuza. Januari 1992 serikali yake ikasimamisha Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliokuwa ukijadili mustakabali wa nchi. Tarehe 16 Februari Wakristo wa Kinshasa waliandamana kudai ufunguliwe, na askari wakawapiga risasi. Mwezi Aprili mkutano ukarejea.

Je, wajua kwamba kushindwa kwake Kinshasa kuliiumiza Likasi?
Tarehe 15 Agosti 1992 mkutano huo ulimchagua Tshisekedi, Mluba wa eneo jirani la Kasai, kuwa waziri mkuu, na uwaziri wa Nguza ukaisha. Huko Katanga gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mwenzake wa UFERI, ambaye hotuba zake ziliwataja Wakasai kuwa chanzo cha shida zote za jimbo. Vijana wa chama wakawashambulia, kwanza Lubumbashi, kisha Likasi.

Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wajukuu wa vibarua walioletwa na kampuni ya madini ya Union Minière kuanzia miaka ya 1920, na Kasai hawakuwahi kuiona. Makumi ya maelfu walirundikana kwenye stesheni ya Likasi na katika shule za jirani, majuma na miezi, wakingoja gari-moshi la kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Maradhi na njaa viliwaua wengi pale na njiani. Gécamines, kampuni ya madini ya taifa iliyokuwa tayari inayumba, ilipoteza mafundi ambao haikuweza kuwapata upesi.

Je, wajua ni kura gani iliyomtoa madarakani?
Mwaka 1993 Mobutu alimrudisha tena, safari hii wizara ya ulinzi, kabla maradhi hayajamwondoa kwenye siasa. Alifariki Kinshasa tarehe 27 Julai 2003, miaka karibu sita baada ya Mobutu kufia Morocco. Ukihesabu, alikuwa waziri wa mambo ya nje mara nne, waziri mkuu mara mbili, balozi, mfungwa na mkimbizi. Vyeo vile vyote vya uwaziri vilitoka kwenye kalamu ya Mobutu. Kura moja tu iliwahi kuamua nani akalie kiti chake cha waziri mkuu, ile ya Agosti 1992, na hiyo ilimpa mwingine. Bili ya hasira zilizofuata ililipwa na familia za Likasi, ambazo hata katika ukumbi wa mkutano ule wa Kinshasa hazikuwamo.