Fizikia ya Chembe Inaweza Kuanzia Kibiti

Chukua daftari la kawaida la mwanafunzi wa Kibiti, lenye eneo la sentimita za mraba 300 hivi, uliweke juu ya dawati. Kila dakika linapenywa na chembe zipatazo 300 zitokanazo na mionzi ya angani. Kengele ya kumaliza kipindi cha dakika 40 ikilia, zimekwishapita kama 12,000. Zimevuka bati, daftari na dawati, na hakuna hata tundu moja. Chembe hizo huitwa muoni.

Mwaka 1912, Victor Hess wa Austria alipanda puto hadi kimo cha zaidi ya kilomita tano, akakuta mionzi ikizidi kadiri alivyopaa. Chanzo, basi, kilikuwa juu, si ardhini. Leo tunajua kwamba protoni kutoka anga za mbali hugonga hewa na kuzaa chembe nyingine. Muoni hutokea humo, kwenye kimo cha kilomita 15 hivi.

Hapo mwalimu ana swali la ubaoni. Muoni huishi kwa wastani sekunde 0.0000022 tu. Ikienda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, itafika wapi? Mwanafunzi atazidisha na kupata mita 660. Sasa imefikaje Kibiti? Kuzidisha hakukuwa na kosa. Kilichokosekana ni nadharia ya Einstein ya mwaka 1905: umri wa chembe iendayo kasi namna hiyo hurefuka ukipimwa na sisi tuliosimama.

Delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, nayo ina ushahidi wake. Nyutroni zinazozaliwa na mionzi hiyohiyo hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa kaboni-14, ambayo huingia katika mimea, mikoko ya Rufiji ikiwamo. Mmea ukifa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Kwa kipimo hicho, Paramita Punwong na wenzake walichunguza tope la delta, na mwaka 2013 wakachapisha historia ya mikoko hiyo ya maelfu ya miaka, bahari ilipopanda na kushuka. Kwa mtoto wa mkulima wa mpunga anayeona maji ya chumvi yakiingia shambani, somo hili haliko mbali.

Ili kulifundisha somo hili, vifaa vya ghali vinaweza kusubiri. Tangu 2014, kituo cha fizikia ya chembe cha CERN kilichopo Geneva kimefungua sehemu ya data zake kwa yeyote mwenye intaneti, na mwaka 2016 Shule ya Fizikia ya Afrika ilifanyika jirani tu, Kigali.

Kinachokwamisha zaidi ni mpangilio wa mada. Kwa mazoea, unururifu, mada inayogusa mambo haya, husubiri kidato cha nne, mtihani wa taifa ukiwa unabisha hodi, nao hupitiwa harakaharaka. Swali la mita 660 linaweza kuulizwa kidato cha pili, wiki ileile wanafunzi wanapojifunza mwendokasi. Linahitaji chaki, na mwalimu aliye tayari kuwaambia kwamba wamekokotoa sawasawa, ila swali bado halijaisha.