Spidiwei: tiketi umekata, njia je?

Wadau, spidiwei ni mbio za pikipiki za cc 500, gia moja, breki hamna kabisa! Wanne wanapiga raundi nne kwenye udongo, kona wanakata kwa kuserereka. Balaa ni pale waandaaji wanapotaka uwanja mkubwa wa mpira: inabidi udongo uletwe kwa malori, ushindiliwe fasta. Warsaw, Aprili 2015, walijaa watu zaidi ya 50,000. Mitambo ya kuanzishia ikagoma, njia ikachimbika, mbio zikakatishwa baada ya hiti 12 kati ya 23. Matej Žagar akapewa ushindi. Sasa wewe uliyesafiri na basi usiku kucha? Mimi ningeenda zangu Toruń, uwanja uliojengwa kwa spidiwei yenyewe.