Manukato hayapimwi kwa pua ya dakika moja

Mpwa wangu alipooa mwaka juzi, begi la bi harusi lilikuwa limekamilika isipokuwa manukato. Nilikuwa na safari ya Nairobi, basi dada yangu akanipa pesa na kuniambia nitafute mafuta mazuri huko huko, kwani bei ina nafuu. Nikaenda Muthurwa.

Anayelijua soko lile, kando ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, anajua kwamba hakuna pa kusimama ukafikiri. Huku mitumba, huku viazi, huku makanga wanaita abiria. Muuzaji wangu alikuwa na kabati la kioo lenye chupa tele za mafuta ya kupima. Unanunua kwa mililita, na ukitaka ya kupuliza anakuchanganyia na spiriti mbele ya macho yako. Ilikuwa Julai, baridi imeshika. "Ustadh, nusa hii," akaniambia, akanipa kikaratasi. Nilisikia ndimu, kisha waridi laini. Sikungoja zaidi. Nikalipia chupa tano, nikarudi Mombasa nikijiona hodari.

Begi likapelekwa, likafunguliwa mbele ya kina mama, kila chupa ikanuswa na kusifiwa. Siku bi harusi alipojipaka, saa mbili hazikwisha, ndimu na waridi vyote vilikuwa vimetoweka. Kilichobaki ni utamu mzito, kama peremende iliyoyeyukia mfukoni. Somo wake ilibidi amwoshe mikono na amfukize udi upya. Maneno yaliyosemwa na upande wa pili, dada yangu aliniletea yote. Siyaandiki hapa.

Yule muuzaji hakunidanganya. Ndimu ilikuwemo, na waridi lilikuwemo. Mimi ndiye niliyenunua dakika ya kwanza nikadhani nimenunua siku nzima.

Manukato si harufu moja. Ni vitu vingi vilivyochanganywa, na kila kimoja kinaruka hewani kwa kasi yake. Vilivyo vyepesi hutangulia: ndimu, chungwa, mnanaa. Hivyo ndivyo vinavyokupiga puani ukifungua chupa, na ndivyo vinavyouza. Juu ya ngozi havidumu sana, robo saa hivi, vikijitahidi nusu saa. Nyuma yao hujitokeza maua na viungo, asumini, waridi, langilangi, iliki, karafuu, na hizo hukaa saa mbili tatu au zaidi. Mwisho hubaki vizito: msandali, udi, miski, ambari, vanila. Hivi ndivyo utakavyolala navyo. Mtu wa jikoni hahitaji kuelezwa sana. Ukikamua ndimu, harufu hujaa jiko na kupotea kabla hujafuta meza, lakini moshi wa udi uliofukiza leso leo wausikia hadi kesho.

Mafuta ya udi hupotosha watu kwa namna nyingine. Udi hutoka kwenye mti wa Asia ulioingiwa na kuvu. Mti hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya shina, na huo utomvu ndio wenye harufu. Baadhi ya mafuta yake, hasa yale ya Kihindi, ukiyapaka tu hunuka zizi la mbuzi. Nimemwona mtu akikunja uso na kurudisha kichupa hapo hapo. Angengoja, zizi lingeondoka na mahali pake pangekuja mti mkavu, moshi kidogo, kisha utamu kama wa asali. Kwa hiyo pua ya haraka hununua kibaya, na pia huacha kizuri.

Halafu kuna ngozi yenyewe. Kikaratasi hakina joto wala mafuta ya mwili. Juu ya ngozi kuna joto la nyuzi 32 au 33 hivi, na hilo ndilo linaloamsha harufu na kuisukuma kutoka. Ngozi kavu huishiwa haraka. Ngozi yenye mafuta huishika zaidi. Mimi nilimnunulia mwanamwali bila hata kutumia ngozi yangu, seuze yake! Tena nilinunua Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, katika baridi ya Julai. Baridi huvilaza vitu vizito. Ule utamu wa peremende ulikuwemo ndani ya chupa tangu Muthurwa, umelala tu. Ulipofika kwenye joto na mvuke wa kwetu, ukaamka.

Spiriti nayo ina mambo yake. Huruka upesi na kubeba harufu, ndiyo maana ya kupuliza hujaza chumba mara moja. Mafuta matupu hayana kishindo hicho. Hukaa karibu na ngozi na kufunguka polepole. Wengi kwetu huepuka spiriti kwa ajili ya swala, na masheikh wamelizungumza wakahitilafiana. Mimi si wa kuamua. Ila kama umechanganyiwa papo hapo sokoni, iache chupa itulie siku kadhaa kabla ya kuihukumu, maana siku ya kwanza spiriti ndiyo itakayosema.

Siku hizi nikienda Muthurwa nanunua vichupa vidogo kabisa, viwili tu, kwani pua ikishanusa vingi huchoka na kila kitu kikawa sawa. Kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, na sisugui. Napaka asubuhi, napanda treni ya alasiri, nanusa tukipita Voi, nanusa tena nikiteremka Miritini usiku katika joto letu. Kilichobaki kizuri hapo ndicho ninachoagiza: natuma M-Pesa, chupa zinakuja kwa parseli ya basi.

Mwenye ngozi nyepesi kudhurika ajaribu tone moja ndani ya kiwiko, angoje siku nzima. Mafuta ya ndimu yasipakwe penye kupigwa na jua, huweza kuunguza na kuacha doa jeusi. Na ya rangi nzito yasiguse kanzu nyeupe. Kanzu yangu moja sasa ni ya kulalia.

Idi iliyopita nilimpelekea yule bi harusi kichupa cha mililita sita. Sasa ni mama wa mtoto mmoja. Alijipaka kidogo kifundoni, akakifunga bila kukinusa.

"Mjomba," akaniambia, "jibu nitakupa baada ya Isha."