Damu hutoa ishara mapema kabla ya kifafa cha mimba

Damu ya mama mjamzito inaweza kutoa ishara za hatari kabla degedege halijamwangusha, na wakati mwingine kabla shinikizo la damu halijapanda. Wanasayansi wamekwisha kuzitambua baadhi ya ishara hizo na vipimo vyake vipo. Hata hivyo, kwa akina mama wenye asili ya Afrika Mashariki, wawe wanaishi Vällingby, Kilifi au Kampala, manufaa ya vipimo hivyo yanategemea pia mambo yasiyopimwa maabara.

Vällingby ni kitongoji cha magharibi mwa jiji la Stockholm, nchini Uswidi. Kituo chake kilizinduliwa mwaka 1954, kufuatia mpango wa msanifu wa miji Sven Markelius, aliyetaka mkazi apate ajira, nyumba, maduka na huduma kandokando ya reli ya chini kwa chini. Leo baadhi ya wakazi wake ni watu waliozaliwa nje ya Uswidi, wakiwemo wenye asili ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika.

Katika kitongoji hicho, kama ilivyo kote nchini humo, kliniki ya wajawazito haitozi malipo. Anayemhudumia mama ni mkunga, na daktari huitwa panapotokea hitilafu. Mama hupimwa shinikizo la damu mara kwa mara hadi anapojifungua. Kipimo hicho cha mkononi ndicho mlinzi wa kwanza dhidi ya ugonjwa uitwao kitaalamu priklampsia.

Jina la ugonjwa

Katika Kiswahili ugonjwa huo haujapata jina fupi lililozoeleka. Watu husema kifafa cha mimba, lakini jina hilo linataja mwisho wa ugonjwa na si mwanzo wake. Mama asiyeanguka wala kutetemeka huona kwamba hana kifafa. Na anapoanguka, wapo jamaa ambao bado hulihusisha neno kifafa na mashetani au husuda, na saa za kumwokoa zikapotea wakati mganga anatafutwa.

Madaktari hutambua priklampsia pale shinikizo la damu linapofika 140 kwa 90 au zaidi, baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, kwa mwanamke ambaye awali hakuwa na tatizo hilo. Sambamba na hilo, protini huonekana katika mkojo, au figo, ini, ubongo au chembe za kugandisha damu huathirika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu hutokea katika asilimia 3 hadi 8 ya mimba, na kwamba kila mwaka huua takriban wanawake 46,000 pamoja na watoto wachanga na walio tumboni wapatao 500,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi maskini.

Chanzo ni kondo la nyuma

Ugonjwa huanzia kwenye kondo la nyuma. Katika mimba ya kawaida, seli za kondo hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuitanua mishipa ya damu ya mama, ili mtoto apate damu ya kutosha. Kazi hiyo isipokamilika, mishipa hubaki myembamba, na kondo lenye njaa ya damu huanza kumwaga kemikali katika mwili wa mama.

Mbili kati ya kemikali hizo ndizo viashiria vya kibayolojia vinavyotumiwa zaidi sasa. Ya kwanza ni protini ijulikanayo kwa kifupi PlGF, ambayo hustawisha mishipa ya damu. Ya pili ni sFlt-1, ambayo hufanya kazi kama mtego: huinasa PlGF na protini nyingine za aina hiyo kabla hazijafika zinakohitajika. Mwaka 2003, watafiti wa Boston nchini Marekani, akiwemo Daktari Ananth Karumanchi, walionyesha kwamba panya waliopewa sFlt-1 walipatwa na shinikizo la damu, protini katika mkojo na madhara ya figo. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine ulionyesha kwamba kiwango cha sFlt-1 katika damu ya wanawake huanza kupanda takriban wiki tano kabla ya dalili kujitokeza.

Hivyo basi, maabara hulinganisha protini hizo mbili. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba mwanamke anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu, ambaye uwiano wake wa sFlt-1 kwa PlGF hauzidi 38, ana uwezekano mdogo sana wa kuupata katika wiki moja inayofuata. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kupima PlGF kulipunguza muda wa kuutambua ugonjwa kutoka siku 4.1 hadi 1.9. Mwezi Mei mwaka 2023, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo ikaidhinisha kipimo cha namna hiyo kwa wajawazito waliolazwa hospitalini.

Huko Lund, kusini mwa Uswidi, Profesa Stefan Hansson na wenzake wamefuata njia nyingine. Wao wamechunguza himoglobini ya mtoto inayovuja kutoka kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mama, wakiamini kwamba nayo inaweza kuwa kiashiria cha mapema.

Swali la asili

Wanawake wenye asili ya Afrika wanakabiliwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, na sababu zake hazijulikani zote. Daktari Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na Profesa Ashley Moffett wa Cambridge, alichunguza wanawake waliojifungua katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baadhi ya wanawake wa Kiafrika wana jeni za kinga zinazowalinda dhidi ya priklampsia, na jeni hizo hazikuonekana kwa Wazungu. Maana yake ni kwamba yaliyothibitishwa Ulaya hayawezi kuchukuliwa tu kuwa yamethibitishwa Afrika. Ndiyo sababu mtandao wa utafiti uitwao PRECISE umekusanya sampuli za wajawazito wa Gambia, Msumbiji na Kenya, ikiwemo Mariakani na Rabai katika kaunti ya Kilifi.

Lakini jeni peke yake haielezi yote. Uchunguzi wa vifo vilivyotokea Uswidi kati ya mwaka 1988 na 2007 uligundua kwamba wanawake waliozaliwa katika nchi maskini walikabiliwa na hatari ya kufa kwa sababu za uzazi zaidi ya mara sita ya wale waliozaliwa Uswidi. Idadi ya vifo ilikuwa ndogo, lakini tofauti ilikuwa kubwa. Uchambuzi uliofuata ulitaja kuchelewa kufika hospitali, kutoelewana kwa lugha na upungufu wa wakalimani. Kwa maneno mengine, mama anaweza kuishi jirani na maabara za kisasa, kisha akakosa neno la kumweleza mkunga kwamba kichwa kinampasuka.

Kinga na tiba

Tiba kamili ya priklampsia ni kujifungua, mtoto na kondo la nyuma vikatoka. Kabla ya hapo, dawa za kushusha shinikizo husaidia. Sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu, kama ilivyothibitishwa mwaka 2002 katika utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33. Kwa wenye hatari kubwa, daktari anaweza kuagiza aspirini ya dozi ndogo mapema katika ujauzito. Mwaka 2017 ilionekana kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 62 priklampsia inayolazimisha kujifungua kabla ya wiki ya 37. Pale ambapo chakula hakina kalisi ya kutosha, vidonge vya kalisi hutolewa. Utafiti wa mwaka 2024 uliofanyika Tanzania na India ulibaini kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko miligramu 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu, jambo linalopunguza gharama na idadi ya vidonge.

Maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, kutapika, na uso au mikono kuvimba ghafla ni dalili zinazotaka mama apimwe siku hiyo hiyo. Tahadhari hiyo haikomi mtoto anapozaliwa, kwani ugonjwa unaweza kujitokeza hata katika wiki za arubaini ya uzazi. Nchini Uswidi mama anaweza kupiga simu namba 1177 kuomba ushauri, au 112 kwa dharura, na ana haki ya kuomba mkalimani katika kliniki. Mahali ambapo kipimo cha sFlt-1 bado hakijafika, kipimo cha shinikizo la damu na kijiti cha kupimia mkojo bado vinaokoa maisha, mradi vitumike kila mama anapohudhuria kliniki.