Chembe isiyotakiwa kufika: Newton alikosea wapi?

Nyoosha kiganja chako kama mtu anayepokea chenji. Karibu kila sekunde, chembe moja iitwayo myuoni inapita katikati yake na wewe huhisi chochote. Sasa fungua daftari lako la mekanika ya mwaka wa kwanza tupige hesabu. Utaona kwamba chembe hiyo haikutakiwa kufika kabisa!

Myuoni nyingi huzaliwa kilomita 10 hadi 15 juu angani, pale miale ya kosmiki inapogonga hewa. Maisha yake ni mafupi mno: kwa wastani mikrosekunde 2.2, yaani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Tuseme inakwenda kwa 0.998 ya mwendo wa nuru. Kwa Newton, umbali ni mwendo mara muda. Zidisha, unapata kama mita 660. Ikianzia kilomita 10 juu, bado ina zaidi ya kilomita 9 za kwenda. Kweli, zipo zinazoishi kuzidi wastani, lakini kwa hesabu hii hata moja katika milioni isingefika. Mbona basi zinafika kibao?

Kuzidisha tumezidisha sawasawa. Kosa ni kudhani kwamba saa ya myuoni na saa yetu zinakwenda pamoja. Mwaka 1905 Albert Einstein alianza na mambo mawili: sheria za fizikia ni zilezile kwa kila anayekwenda kwa mwendo usiobadilika, na mwendo wa nuru katika ombwe ni uleule kwa wote. Ukiyakubali hayo, muda hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Tofauti yake hupimwa kwa gama:

γ = 1/√(1 − v²/c²)

Kwa 0.998, gama ni karibu 16. Kwa hiyo sisi tulio chini tunaiona myuoni ikiishi mikrosekunde 35 hivi, na kilomita 10 inazivuka kwa 33. Imefika. Mwaka 1941 Bruno Rossi na David Hall walizipima kwenye miinuko miwili tofauti huko Colorado, Marekani, wakakuta zenye kasi zaidi hudumu zaidi.

Hapa ndipo wengi hukwama kwenye mtihani. Kwa myuoni yenyewe, saa yake haijachelewa hata kidogo. Kilichobadilika ni njia: kilomita 10 zimefupika, zimekuwa kama mita 630. Ukisimama ardhini, refusha muda. Ukipanda myuoni, fupisha njia. Usifanye vyote viwili kwa mpigo, maana utakuwa umelipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Je, Newton tumtupe? Hapana. Chukua basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, liende mwaka mzima bila kusimama. Kwa sababu ya mwendo huo, saa yake itachelewa chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Gama ya basi ni 1 na chenga tu, ndiyo maana Newton anatosha barabarani.

Kwa hiyo ukipewa swali, kabla hujachagua kanuni, angalia kwanza v/c. Ikiwa ndogo sana, Newton anakutosha. Ikikaribia 1, jiulize: hii ni saa ya nani?